Banda Moja, Vijiji Vitatu

Hapo zamani, na msinikodolee macho hivyo, sisemi zamani ya majini na wafalme. Nasema zamani ya juzijuzi, simu zipo, umeme upo na unakatika kama kawaida yake. Hapo zamani palikuwa na chuo kikuu chini ya mlima, na chuo chenyewe kilijaa watu waliosoma mpaka wakasahau namna ya kusema. Ukimwuliza mmoja wao, "Bwana, unafanya kazi gani?" atakohoa, atapandisha miwani, atakueleza saa nzima, na ukiondoka pale hujui kama amekujibu au amekutukana.

Watu wa mji wakachoka. Wakasema, hawa tunawapikia, tunawashonea viatu, tunawapangisha vyumba, na hatujui wanatafuta nini huko maabara. Wakubwa wa chuo wakaona haya, wakaanzisha mashindano, yakaitwa Dakika Tatu. Kila mwezi wa Machi, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wale wanaofanya utafiti, walisimama mmoja mmoja mbele ya watu wa mji. Dakika tatu, picha moja ukutani, Kiswahili cha sokoni. Ukizidisha, kengele.

Tena palikuwa na sharti ambalo mimi sijalisikia kwingine. Mtu akimaliza kusema, mwenyekiti hutia mkono kwenye kapu lenye majina ya wote waliohudhuria, huchomoa jina moja, na mwenye jina husimama kurudisha. Kurudisha ni kueleza upya, kwa maneno yako mwenyewe, kile ulichosikia. Ukirudisha kamili, msemaji anapata alama kamili. Ukirudisha nusu, anapata nusu. Ukisema, "Kwa kweli nilimwona tu anasema," basi, msemaji akakae.

Mwaka ninaousimulia, zawadi ilikuwa kubwa kupita miaka yote. Wafadhili walisema: utafiti utakaoshinda tutautoa kwenye makaratasi tuutie kazini. Kama ni kisima, tutachimba. Kama ni banda, tutajenga. Lakini katika kijiji kimoja tu, kitakachotajwa palepale jukwaani, na kazi itakwisha kabla ya mavuno. Kijiji kimoja, jamani. Hakuna cha pili.

Sasa mjueni Mwaja. Mwaja alikuwa Mgogo wa kijiji cha Chilangazi, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ukitaka kuisikia sharti uinamishe shingo. Kwa miaka minne alikuwa akitafiti sumukuvu. Nayo sumukuvu ni sumu inayoingia kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu. Haina harufu, haina ladha, huioni kwa macho. Lakini inaua.

Mwaja aliijua kabla ya kujua jina lake. Alipokuwa kidato cha pili, mdogo wake Mbeleje alianza kutapika, macho yakageuka manjano, tumbo likajaa. Wakasema amelogwa. Siku ya tisa wakamzika. Mwaka huo walikufa watu saba Chilangazi, na mganga akapata wateja wengi. Miaka ikapita, Mwaja akaja kusoma darasani juu ya ugonjwa wenye dalili zilezile, akafunga daftari, akatoka nje, akalia. Tangu siku hiyo hakutafuta kitu kingine.

Alipoanza utafiti alirudi nyumbani kuomba mahindi ya kupima. Wanawake wa Chilangazi walifungua maghala yao. Kila mmoja alileta kibaba, na hawakuchagua mazuri ili wasionekane wachafu. Walileta yaleyale wanayokula. Walimwambia, "Mwanetu, chukua. Utakachokiona uje utuambie." Mwaja alipima, akapima, mpaka akajua. Mahindi yaliyoanikwa chini, juu ya udongo, yalijaa sumu. Yaliyoanikwa juu ya kichanja, chini ya paa, upepo ukipita juu na chini, yalikuwa salama. Akachora banda: sakafu ya wavu iliyoinuliwa kiunoni, paa la nailoni linalopitisha jua na kuzuia mvua, kubwa la kutosha kijiji kizima kukausha kwa zamu. Kilichobaki ni mtu wa kulijenga.

Mnaona basi kwa nini alijiandikisha kwenye mashindano.

Akatunga maelezo yake, akayasema mbele ya wanafunzi wenzake. Wakapiga makofi. Wakasema, "Dada Mwaja, umeeleweka vizuri sana." Hilo ndilo kosa la wasomi, wandugu: wanajipima wao kwa wao, kama vipofu wanaosifiana macho. Mwaja akaondoka pale kifua mbele, akaenda kantini kula, na kwa furaha akamwambia mpishi, "Mama, shikamoo. Nikueleze utafiti wangu?"

Mpishi huyo aliitwa Mama Anzuruni. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisonga ugali wa chuo kile, mikono imekakamaa kama ya baharia.

"Marahaba, mwanangu. Nieleze. Ila mimi nikikutana na neno nisilolijua, nitagonga sufuria. Sitaki kukukata maneno."

Mwaja akaanza. "Utafiti wangu unachunguza uhusiano wa viwango vya unyevu baada ya mavuno..."

Ngo!

"...na ukoloni wa fangasi jamii ya Aspajilasi..."

Ngo! Ngo! "Huyo Aspajilasi ni mtu wa wapi?"

"Si mtu, mama. Ni fangasi."

"Na anatawala koloni?"

Kufika mwisho, mwiko ulikuwa umegonga mara thelathini na moja, na wanafunzi waliokuwa wakila walishaacha kula wanacheka. Mwaja akatamani ardhi ipasuke. Mama Anzuruni hakucheka. Akafunika sufuria, akasema, "Sijaelewa, lakini naona ni jambo kubwa, maana unalisema huku unatetemeka. Rudi kesho."

Kesho akarudi: mara ishirini na sita. Keshokutwa: kumi na tisa. Kila neno lililogongwa, walikaa nalo chini, Mama Anzuruni akimenya vitunguu, Mwaja akilieleza, mpaka mama yule aseme, "Ahaa, kumbe ni hivi," kisha aliseme kwa maneno yake, na Mwaja aandike. Unyevu baada ya mavuno ukawa mahindi yaliyoingia ghalani hayajakauka. Aspajilasi akafukuzwa kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na ukungu.

Siku moja Mwaja alisema, kama jambo dogo tu la kupita, kwamba moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwiko haukugonga. Mama Anzuruni aliushika hewani, uso umebadilika.

"Unasema nini? Hata nikichemsha?"

"Hata ukichemsha, mama."

"Hata nikipika kutwa?"

"Hata ukipika kutwa. Sumu inabaki."

Yule mama akakaa juu ya gunia. "Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimeamini moto unaua kila kitu. Punje mbaya nikiiona nasema, aa, itaivia humohumo. Na hili ulikuwa umelificha huko mwisho kabisa? Hili ndilo la kwanza! Anza na hili. Simama uwaambie: akina mama, moto hauiui. Ukishasema hivyo, hata mtu aliyelala ataamka."

Mwaja akageuza maelezo yote, mwisho ukawa mwanzo. Alipoyasema tena siku ya Alhamisi, kantini nzima ilinyamaza, na mwiko haukugonga hata mara moja. Mama Anzuruni akafuta macho kwa kanga, akasema ni vitunguu.

Sasa ngojeni niwaingizie wa tatu. Huyu aliitwa Gwakisa, Mnyakyusa, mrefu, mwenye sauti ya ngoma kuu. Baba yake alikuwa mhubiri wa mikutano ya nje, na Gwakisa tangu utotoni ndiye aliyekuwa mpaza sauti wake, akiyarudia maneno ya baba kwa sauti kubwa ili walioko mbali wasikie. Utafiti wake ulikuwa wa nyuki. Alikuwa ametengeneza mzinga unaosikiliza. Nyuki wakitaka kuhama, mlio wao hubadilika, na mzinga unampigia mfugaji simu. Naye alikuwa na kijiji chake, Itugwisa, na mama yake huko, na alitaka mizinga ile kama Mwaja alivyolitaka banda lake.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa: mafundi, wauza mboga, walimu, bodaboda, akina mama na watoto mgongoni. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kahwa, mwanamke mnyoofu asiyependa utani. Wasemaji walikuwa saba. Wa kwanza alirudishiwa nusu. Wa pili robo. Wa tatu jina lililochomolewa lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, tusimseme. Gwakisa alikuwa wa sita. Aliunguruma kama nyuki, akacheza kama nyuki, na muuza nyanya aliyechomolewa alirudisha kila kitu, mlio na vyote. Alama kamili. Ukumbi ukashangilia. Katika mapumziko Gwakisa alitoka barazani akampigia mama yake simu: "Mama, ninaongoza. Amebaki mmoja tu, naye sauti yake haitoki."

Mmoja huyo ndiye Mwaja.

Akapanda jukwaani. Akafungua mdomo, na mvua ikafungua wake. Mvua ya masika, juu ya paa la bati! Mnaijua. Hata mwenye kipaza sauti hupata shida. Na Mwaja hakubaki nacho, maana radi ilipiga, taa zikazimika, kipaza sauti kikafa, na picha yake ukutani ikapotea. Jenereta la chuo, kama majenereta yote ya umma, lilikuwa zima siku zote isipokuwa siku ya kuhitajika.

Mwaja akasema, "Akina mama, moto hauiui."

Mstari wa kwanza haukusikia. Wa kwanza, nasema!

Profesa Kahwa akatazama saa, akaangalia juu, akatikisa kichwa. Masika hayaombwi kunyamaza. Mvua ile ingeweza kwenda mpaka magharibi, na watu walikuwa wametoka kwenye kazi zao. Mwaja alisimama pale na kikaratasi chake. Aliwaza vibaba vya mahindi. Aliwaza Mbeleje. Machozi yakamjia, na aliona aibu kulia mbele za watu.

Hapo Gwakisa akainuka. Akatembea mpaka jukwaani, viatu vikilia, akasimama kando ya Mwaja, akamwuliza mwenyekiti kwa ile sauti yake, "Profesa, kipaza sauti cha umeme kinaruhusiwa?"

"Kinaruhusiwa."

"Basi na cha nyama kiruhusiwe."

Watu wakacheka. Profesa Kahwa akapekua karatasi ya masharti mbele nyuma, hakuona pa kukataza. "Endeleeni," akasema. "Dakika tatu."

Gwakisa akainama. "Haya, dada, nipe. Sentensi moja moja, usiogope."

"Akina mama, moto hauiui," Mwaja akasema.

"AKINA MAMA!" Gwakisa akanguruma, na mvua ikawa kama imerudi nyuma. "MOTO! HAUIUI!"

Shingo zote zikageuka. Mwaja anasema, Gwakisa anapaza. Mwaja anasema, Gwakisa anapaza. Kama kwenye mkutano wa injili kabisa, na watu kwa mazoea wakaanza kuitikia. Akipaza, "Moto?" wanajibu, "Hauiui!" Akipaza, "Ukichemsha?" "Haiondoki!" Mwaja akapata nguvu, maneno yakamtoka bila karatasi, yale yote aliyoyapata kwenye vitunguu vya Mama Anzuruni, na hakuna lililogoma. Alipofika kwenye kuanika, alitupa jicho ukutani kwa mazoea, na picha haipo. Gwakisa akaelewa. Akavua koti lake, koti la pekee la suti alilokuwa nalo, akalibwaga sakafuni penye maji yaliyovuja, akalikanyaga. "CHINI HIVI, HAPANA!" Akaliokota likichuruzika, akalitandaza juu ya migongo ya viti viwili, akapitisha mkono chini yake, akapitisha juu. "JUU HIVI, UPEPO UPITE, NDIYO!" Kengele ikalia, watu wamesimama.

Mkono ukaingia kapuni. Likachomoka jina la Bwana Hizza, fundi baiskeli. Akasimama, akarudisha. Akarudisha yote: ukungu, sumu isiyoonekana, moto usioiua, kuchambua punje, kuanika juu, paa la nailoni, wavu kiunoni. Kisha akaongeza ambalo halikuulizwa. "Na mimi nyumbani nina gunia limelala chini tangu mwaka jana. Nikitoka hapa naenda kulimwaga. Asante, mwanangu. Mungu akupe."

Alama kamili, na moja ya ziada ambayo Profesa Kahwa aliitoa akiwa amegeuka upande, akijifanya anatafuta miwani. Gwakisa akashindwa na mdomo wake mwenyewe. Na mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye.

"Mshindi ni utafiti wa sumukuvu," akasema mwenyekiti. Mvua ilikuwa imepungua. Akachukua kalamu na fomu ya wafadhili. "Nasoma kama ilivyoandikwa. Kazi itafanywa katika kijiji atakachokitaja yule aliyewafanya watu waelewe. Mwaja, taja."

Chilangazi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeitaja, hadithi ingeishia hapa, nami ningeshakunywa chai yangu. Lakini Mwaja hakuwa mtu wa shukrani za punda. Yale maneno, aliyewafanya watu waelewe, yalimkaa kooni. Akasema, "Profesa, naomba umwulize Bwana Hizza ni nani aliyemfanya aelewe."

Fundi akakuna kichwa. "Hapo umenitia majaribuni. Niliyemsikia ni huyu kijana mwenye koti. Maneno aliyoyasema, kwa kweli, hayakuwa ya chuoni, yalikuwa ya jikoni. Lakini elimu ni yako, dada."

"Ya jikoni, ndiyo," Mwaja akasema, na safari hii sauti yake ndogo ilisikika, maana ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. "Yana mwenyewe. Yuko pale mlangoni." Akamwita Mama Anzuruni, aliyekuwa amesimama na aproni yake, ametoroka sufuria. Akamshika mkono kulia, akamshika Gwakisa kushoto. "Bila mama huyu ningesimama hapa nikawaambia habari za Aspajilasi, mkalala. Bila kaka huyu ningesema na mvua. Asanteni. Sijui niseme asante mara ngapi. Sasa nawaomba mseme kweli. Nyinyi nanyi mna kwenu. Mngelijenga wapi?"

"Mimi sidai kitu," akasema Mama Anzuruni. "Umenifundisha, umenishukuru mbele ya watu, tangu lini mpishi akashukuriwa mbele ya watu? Inanitosha."

"Mama, nimeomba kweli."

Mama Anzuruni akashika aproni yake. "Haya. Kweli ni hii. Kwetu ni Kwa Mhola. Binti yangu yuko huko na wajukuu wangu watatu. Kila ulipotoka kantini nilikuwa nikimpigia simu namwambia ulichosema. Akawaambia wenzake. Wakachambua maghala yao, punje mbaya wakazichoma, na karibu zote zilikuwa mbaya. Sasa hawali sumu, lakini hawana cha kula mpaka mavuno. Na mavuno hayo wakiyaanika chini tena, wamechoma bure. Nimewanyang'anya chakula kwa maneno. Angalau niwape pa kukaushia." Akajifuta macho, na hapakuwa na kitunguu.

Gwakisa akatazama viatu vyake. "Mimi ningenyamaza, ila umesema kweli. Nilikuwa nimeshashinda, dada. Mizinga ilikuwa ya Itugwisa. Nilipoinuka pale kitini nilijua naipoteza, na sijuti, ningeinuka tena. Lakini kwetu mvua haijui msimu. Mahindi tunayavuna mabichi, tunayaning'iniza jikoni, na ukungu wake ni wa kijani, tunauita rangi ya neema, kwa kutojua. Leo ndio nimejua, kwa kuyasema maneno yako kwa mdomo wangu. Mama yangu anasubiri simu. Nimwambie nini? Kwamba niliwapa wengine nyuki wake na banda pia?"

Hapo ukumbi ukachafuka. Akina mama wakasema, lijengwe Kwa Mhola! Maneno ndiyo yaliyoingia, na maneno ni ya mpishi. Watoto wale wana njaa kwa sababu ya kuelewa. Vijana wakasema, Itugwisa! Kila mtu hapa alisikia sauti ya nani? Aliyetoa chake akiwa nacho ndiye aliyetoa. Walimu wakasema, Chilangazi! Sauti bila elimu ni kelele, na mwiko usingegonga kitu kama pasingekuwa na aliyekesha miaka minne; tena wale wanawake waliotoa vibaba, walitoa siri ya nyumba zao. "Mcheza kwao hutunzwa!" akapiga kelele mmoja. "Kidole kimoja hakivunji chawa!" akajibiwa.

"Ligawanywe!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Wavu uende kwa mmoja, paa kwa mwingine, nguzo kwa wa tatu?" Profesa Kahwa akamwuliza, na mtu huyo akakaa.

Mama Anzuruni akamwambia Mwaja, "Taja kwenu, mwanangu. Una kaburi huko." Gwakisa akasema, "Taja Kwa Mhola. Wana njaa." Na Mwaja akamwambia Gwakisa, "Bila wewe nisingekuwa na cha kutaja." Wote watatu walikuwa wakilia na kucheka, wameshikana mikono, na hakuna aliyemwonea mwenzake kijicho. Moyo wa Mwaja ulijaa mpaka akahisi unauma. Maisha yake yote alikuwa ameogopa kushindwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kushinda nako kunaweza kumweka mtu njia panda.

Profesa Kahwa akapiga meza. Akasema fomu inatoka leo, gari la wafadhili liko mlangoni, na mafundi wanaanza Jumatatu. Akamkabidhi Mwaja kalamu. Mstari ulikuwa mmoja, mfupi, wa kuandika jina moja. Mwaja akainama juu ya karatasi.

Alichoandika mimi nakijua, lakini siwaambii ng'o, maana nikiwaambia mtasema alifanya vyema kwa kuwa alishafanya. Nataka mseme nyinyi. Wala msinijibu kwamba wote walistahili; hilo hata wao walilijua, ndiyo sababu walilia. Andikeni Chilangazi, na mtoto wa Kwa Mhola ataanika chini. Andikeni Kwa Mhola, na wanawake waliotoa vibaba watauliza mtoto wao alikwenda kusomea nani. Andikeni Itugwisa, na makaburi saba yatanyamaza kama yalivyozoea. Popote mtakapoandika, wawili watarudi kwao na asante mkononi, asante ya kweli, ya moyo safi. Lakini asante haikaushi mahindi.

Haya, kalamu ni hii hapa. Kati ya aliyejua, aliyelipatia jambo maneno, na aliyeliazima sauti, je, nani alistahili?